Mkono Uliotangulia Mwanga

Mikono yake ilikuwa midogo, midogo kuliko unavyotarajia kwa mtu aliyetumia utu uzima wake wote kukwangua na kung'oa meno ya watu. Kidole cha shahada cha mkono wa kulia kilikuwa na sugu upande mmoja, pale chuma kilipozoea kukaa, na kucha alizikata hadi mwisho. Jumanne iliyopita mikono hiyo ilizikwa katika makaburi ya Waislamu nje kidogo ya mji wa Same, saa kumi alasiri, na mimi sikuwahi. Asubuhi nilipigiwa simu na kaka yangu wa kule milimani, mtoto wa baba mkubwa, akaniambia kwa sauti ya chini, "Yule mama yetu wa meno ametutoka. Wanazika leo leo." Nikapanda basi la kwanza nililolipata Dar es Salaam. Nilipofika Same watu walikuwa wameshatawanyika, na udongo juu ya kaburi ulikuwa bado na unyevu wa maji waliyomwagia.

Wasomaji wanaonifuata katika ukurasa huu wanajua si kawaida yangu kuanza habari za marehemu kwa mikono. Huanza na kwao, na wazazi, na vyeo kama vipo. Safari hii nina sababu, na nitaifikia. Kwanza niseme tu kwamba ninamkumbuka mama huyu kwa hamu ambayo sikuitegemea, maana hakuwa ndugu wala jirani. Natamani kuisikia tena ile sauti yake ya kuamuru, "Panua. Panua bwana, mimi sikukuomba utabasamu." Naitamani hata harufu ya kile chumba chake, mafuta ya karafuu na maji yanayochemka, chumba ambacho siku zile nilikiendea kwa kujikokota.

Alikuwa tabibu wa meno. Watu walimwita dakta, naye kila mara aliwasahihisha, "Mimi tabibu, dakta yuko Moshi." Baba yake alitoka Kigoma kuja kukata mkonge kwenye mashamba ya tambarare, wakati ule vibarua wa kutoka mbali walipoitwa manamba, akaoa, akabaki, na binti akazaliwa kambini. Alikulia katika Kiswahili cha kambi, chenye kila kabila ndani yake, na huko ndiko alikookota ulimi wa utani ambao sisi Wapare wa juu, tuliokaa vizazi vingi kwenye usharika mmoja na migomba ile ile, hatukuuweza. Alinizidi miaka kumi na kitu. Nilimwamkia shikamoo, akaitika marahaba, na kabla sijaketi alikuwa ameshaanza na ubahili wa kabila langu.

Tulikutana miaka ile ya dhiki, ambayo wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa na vijana wakielezwa hawaamini. Sabuni ilipangiwa foleni. Dawa ya meno tulikuwa tumeshaisahau hata sura. Tulisugua kwa mkaa uliotwangwa, au chumvi ikiwepo, au kijiti cha mswaki. Yeye alipanda kwetu mara moja kwa mwezi, juu ya lori lililobeba chochote kilichokuwepo, sanduku lake la vyuma akiwa amelipakata, akafanya kazi kwenye zahanati yetu siku nzima. Glavu hazikutosha, kwa hiyo alizifua na kuzianika kwenye kamba nyuma ya zahanati, vidole vikining'inia juani. Vyuma alivichemsha kwenye sufuria juu ya jiko la mkaa, akivihesabu wakati wa kuvitoa, maana kikipotea kimoja hakukuwa na kingine nchi nzima, au ndivyo alivyotuambia.

Mimi wakati huo nilikuwa kijana wa tarumbeta, na hapa lazima nimweleze kidogo msomaji wa mbali. Katika sharika za Kilutheri za milima yetu kuna bendi za matarumbeta, desturi tuliyoachiwa na wamisionari wa Kijerumani, na alfajiri ya Pasaka bendi huenda makaburini. Watu husimama na mablanketi mabegani kati ya makaburi ya ndugu zao, ukungu ukiwa bado umelala, na jua linapochomoza tunawapulizia waliolala wimbo wa ufufuo. Kwetu, bila hilo, Pasaka ni kama haikufika. Tarumbeta la kwanza, lile la sauti ya juu, alilipiga baba yangu, na alipofariki nikalichukua mimi, ili kila Pasaka nisimame hatua tatu kutoka alipolala nimpigie. Kaka yangu huyu aliyenipigia simu ndiye aliyepiga besi.

Siku moja tulikuwa tumekaa nje ya zahanati, mimi na kaka, tunasugua matarumbeta kwa majivu na limau. Yalikuwa yanawaka hadi unajiona. Tabibu akatoka kumwaga maji, akasimama kututazama. "Na ndani mnasafishia nini?" akauliza. Tangu enzi za baba zetu hakuna aliyewahi kusafisha ndani. Akaleta birika la maji ya uvuguvugu, akalichukua tarumbeta langu, akamimina pale ninapopulizia. Upande wa pili ukatoka uchafu wa kijani, mzito, wenye mabonge, na harufu ambayo sitaieleza katika gazeti ambalo watu hulisoma wakinywa chai. Kaka akasema, "Mama yangu!" Yeye akacheka akajishika kiuno. "Haya, sasa fungueni vinywa niwaone na huko." Akatukagua wote wawili na kutuambia kuwa fizi zetu zimeanza kuchoka, kwamba tunasugua panapoonekana tu. Tukamshukuru, tukaondoka tunacheka, na hatukufanya lolote.

Kisha zikaja zama za ruksa. Maduka yakajaa. Dawa za meno zikawa za rangi tatu kwenye tyubu moja, mitumba ikamwagwa hadi stendi ya Same, magazeti ya watu binafsi yakaota kila kona, na mimi nikapata kazi katika mojawapo, Dar es Salaam. Nilirudi nyumbani kila Pasaka kupiga tarumbeta langu. Mwaka mmoja, miezi michache kabla ya Pasaka, nikauma andazi na kuliona lina damu. Nikapuuza. Baadaye kutafuna mahindi ya makande kukanishinda, na Mpare anayeshindwa na makande ameshindwa na nyumbani kwao. Mwisho jino la mbele la juu likaanza kucheza, na nilipoliweka tarumbeta mdomoni maumivu yakapanda hadi kwenye jicho, na sauti ikatetemeka kama ya mbuzi. Hapo niliogopa kwelikweli. Meno ya mbele yakienda, tarumbeta limekwenda, na hakukuwa na mwingine wa kulipiga pale juu ya baba.

Nikachukua likizo ndefu, nikapanda basi hadi Same. Alikuwa sasa na chumba chake mjini, na benchi la wagonjwa nje. Alinitazama muda mrefu kuliko nilivyopenda. "Huu si ugonjwa wa kuvuja damu tu," akasema. "Chini huku mfupa unaliwa. Kilicholiwa hakirudi, tusidanganyane. Kilichobaki ndicho tunachokigombea." Dawa ya kwanza, akasema, ni kukwangua ugaga wote, yaani ule uchafu ulioganda kwenye meno kama jiwe, wa juu na ule uliojificha chini ya fizi. Mimi nikakataa. Nikamweleza kwa adabu zote kwamba meno yangu yameshikiliwa na ugaga huo huo, na akiutoa yatadondoka. Msinicheke. Sisi watu wa milimani tunalima kwenye matuta yaliyozuiwa na mawe; tangu utotoni tunajua ukichomoa mawe, udongo wote unashuka bondeni. Nusu ya watu wa usharika wetu waliamini hivyo kuhusu ugaga, na walikufa nao mdomoni.

Aliweka chuma chini. "Sikiliza, baba. Hayo si mawe yanayozuia tuta. Hayo ndiyo yanayolila tuta." Nikabaki nimefumba mdomo. Akageukia mlangoni akapaza sauti hadi benchini, "Jamani, nilijua Mpare ni bahili, lakini huyu hata ugaga hataki kuutoa bure!" Benchi zima likaangua kicheko, na mimi nikajikuta nacheka, na mdomo ukawa wazi, na yeye akaingia kazini hapo hapo.

Nilienda mara nne. Alichukua sehemu moja ya kinywa kila safari, akinichoma sindano ya ganzi, kisha akakwangua taratibu, jino kwa jino, upande kwa upande, akisikiliza chuma kwa kidole kama mtu anayepapasa njia gizani. Kikigusa ugaga kilikwaruza. Kikiteleza alijua pamesafika. Alinifundisha upya kusugua, mimi mtu mzima mwenye jina gazetini, akinisimamia na kioo. Baada ya wiki kadhaa damu ilikoma na jino likapunguza kucheza. Lakini palibaki vifuko vichache virefu kati ya fizi na meno ya mbele, ambako chuma hakikufika sawasawa, na fizi hapo ilibaki imevimba. "Hapa nimefika mwisho wangu," akasema. Sijawahi kusahau jinsi alivyolisema hilo bila kuona haya.

Alikuwa amesikia kwamba Moshi kuna daktari mgeni aliyekuja na kifaa cha mwanga kwa magonjwa mabaya ya fizi. Akaniandikia barua kwa mkono wake, kisha akafunga chumba chake siku ile akapanda basi pamoja nami, kwa sababu alitaka kukiona kwa macho yake. Daktari alinipaka dawa ya rangi ya bluu ndani ya vile vifuko, akasubiri kidogo, akaingiza ncha nyembamba yenye mwanga mwekundu, kama dakika moja kila mahali. Haikuuma hata kidogo. Alieleza kuwa vijidudu hunywa ile rangi, na mwanga ukiikuta rangi unawaua humo humo. Tabibu wangu alikuwa ameinama kando yetu, mikono ameifunga nyuma asije akagusa kitu, macho yanamng'aa kwa furaha. Kisha daktari akauliza, "Nani amesafisha kinywa hiki?" Nikamwonyesha. Akasema, "Kazi ameimaliza yeye. Huu mwanga ni nyongeza tu. Bila alichofanya ningekuwa namulika uchafu." Tabibu akatazama chini, akarekebisha mtandio wake.

Tulirudi Moshi mara ya pili, na wiki moja kabla ya Pasaka alinitaka nije kwake na tarumbeta. Akanisimamisha uani, mbele ya wagonjwa wake. "Piga ile ya juu kabisa. Meno yakitikisika, sauti itatuambia." Nikapiga. Sauti ikasimama, imenyooka, ikaenda hadi barabara kuu. Wagonjwa wakapiga makofi, na yeye akafumba macho hadi nilipomaliza. "Kumbe ndivyo kulivyo huko juu kwenu," akasema. "Ipo Pasaka nitapanda nisikilize, mradi msinibatize." Pasaka ile nilisimama hatua tatu kutoka kwa baba, nikampigia beti zote, nikatokwa na machozi bila kuona aibu.

Niliporudi Dar es Salaam nikaandika makala. Wengine wenu mnaikumbuka. Ilipendwa kuliko chochote nilichokuwa nimeandika hadi wakati huo. Niliandika rangi ya bluu, nikaandika mwanga mwekundu, nikaandika kwamba sayansi imefika Kilimanjaro na meno yangu ni shahidi. Kuhusu zile safari nne za kukwanguliwa niliandika sentensi moja, na mhariri akaikata ili nafasi itoshe. Sikubishana naye. Kusema kweli, nilikubaliana naye. Nani angenunua gazeti kusoma habari za mama wa Same mwenye chuma na kioo, wakati nchi nzima ilikuwa inapokea vitu vipya na kila mtu anataka kuwa wa kwanza kuvigusa?

Makala ile ilisomwa kwa sauti nje ya kanisa letu baada ya ibada. Aliyeisikiliza kuliko wote alikuwa kaka yangu wa besi, ambaye fizi zake zilikuwa mbaya kuliko zangu. Wakati huo daktari mgeni alikuwa ameshaondoka, lakini biashara huwa haiachi pengo, na watu wasio matabibu wala chochote walikuwa wameshaweka vitaa vyekundu kwenye vyumba vyao na kubandika mabango. Kaka alikipita chumba cha tabibu, akaenda kwenye kitaa chekundu. Akamulikwa mara sita, saba, ugaga wake wote ukiwa mahali pake. Baadaye aliniambia, "Niliona wewe umepona kwa mwanga, nikaona kukwanguliwa ni kupoteza muda, tena nitaangusha meno." Meno ya mbele yalimtoka yote kabla ya Pasaka ya pili. Tangu hapo husimama makaburini na kitabu cha nyimbo mkononi, mdomo ameufumba, na besi anapiga mwingine. Hajawahi kunilaumu hata kwa neno moja, na ningependa angenilaumu.

Nilikwenda kwa tabibu kumwomba radhi. Benchi lake lilikuwa na watu wachache. Akaniambia bila hasira kwamba wengi siku hizi wakifika huuliza kama ana mwanga, na akiwaambia waanze kwa kukwanguliwa huaga kwa heshima na kuondoka. Makala yangu alikuwa ameikata na kuibandika ukutani, kando ya kioo. Nikamuuliza kwa nini. "Imeandikwa vizuri," akasema. "Na mwanga ni kitu kizuri, nimeuona mwenyewe. Sina ugomvi nao. Ila umeruka mlango ukaingilia dirishani." Akanawa mikono, akaifuta kidole kimoja kimoja, na akasema jambo pekee aliloniomba katika miaka yote niliyomjua. "Siku ukiandika tena, anza na mkono."

Nikamwahidi. Nilikuwa na ukurasa huu kila wiki, mwaka hadi mwaka, na kila wiki kulikuwa na jambo lililoonekana kubwa zaidi: bei, uchaguzi, mpira. Nilipopita Same kwenda nyumbani nilimwona akinipungia mkono mlangoni, na sikusimama kila mara, kwa sababu nilikuwa naona haya. Alistaafu. Benchi likaondolewa. Hakupanda kuja kusikiliza tarumbeta, na mimi sikumfuata kumchukua, ingawa siku hizi magari ya kupanda ni mengi. Simlaumu mtu wa zama zile kwa kupenda vipya. Tulikuwa tumekaa na njaa ya vitu muda mrefu. Lakini naona tulifanya kosa lile lile kila mahali, shuleni, shambani, ofisini: tulipokea kilichong'aa, tukamwambia aliyekuwa akifanya kazi ya chini, ya polepole, isiyopigwa picha, kwamba wakati wake umepita. Kumbe kile kipya kilikuja kumsaidia yeye. Mwanga huua kilichobaki, lakini lazima kwanza awepo mtu wa kukwangua, mwenye sugu kidoleni na subira ya kurudi mara ya nne.

Jumanne jioni kaka alikuwa akinisubiri pale makaburini. Yeye aliwahi, alishuka na gari la asubuhi, akaungana na waliobeba jeneza. Tarumbeta lilikuwa nyumbani Dar es Salaam ndani ya sanduku lake, na hata lingekuwepo, Waislamu hawapigiwi matarumbeta makaburini. Meno yangu yote yapo. Niliyahisi kwa ulimi pale nilipokuwa nimesimama, moja moja, kama tabibu alivyonifundisha kuyasugua. Kaka akauliza, "Utamwandika?" Nikasema nitamwandika. "Basi na mimi uniandike," akasema, akaniangalia usoni na kufungua mdomo wake, jambo ambalo alikuwa hajalifanya mbele yangu kwa miaka mingi. "Waambie na haya. Waambie nilimpita mlangoni."

Nimewaambia. Msomaji wangu, ukiambiwa leo kuna dawa mpya, nenda, ipokee, lakini uliza kwanza ni kazi ya nani inayopaswa kutangulia, na ukimjua mtu huyo mshukuru akiwa bado anaweza kukusikia. Mimi nilichelewa. Mama, gazeti hili hutalisoma wala hutalibandika ukutani, lakini ulichoniomba nimekifanya. Nimeanza na mkono.